UTAFITI WA KILIMO NI ULINZI WA PAMOJA

Ndugu wasikilizaji, maafisa na askari wa jeshi, wa polisi na wa magereza, popote mlipo, kambini, vituoni na mipakani.

Katika mazungumzo yetu ya leo tunakusudia kulitazama jambo ambalo kwa kulisikia mara ya kwanza laweza kuonekana kuwa liko mbali na kazi yenu. Jambo lenyewe ni ushirikiano wa mashirika ya taifa ya utafiti wa kilimo katika nchi zetu za Afrika Mashariki na ya Kati. Pengine afande mmoja atauliza: mimi niliyekabidhiwa bunduki na lindo, nina nini na wataalamu waliovaa makoti meupe kule Kawanda na Namulonge? Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu.

Askari wa mpakani amefunzwa kumsimamisha mpitaji na kumwuliza: watoka wapi, waenda wapi, na umebeba nini? Lakini wako wavamizi wasiosimama wanaposimamishwa. Ugonjwa wa mmea hupita Busia, Malaba, Mutukula, Katuna na Mpondwe bila ya hati ya kusafiria. Hupeperushwa na upepo, hubebwa na inzi mweupe mdogo kuliko punje ya mtama, au hupakiwa juu ya basi pamoja na miche ambayo mtu mwema anaipeleka kwa mama yake. Mvamizi wa namna hiyo hazuiwi na taifa moja peke yake, hata liwe na jeshi hodari namna gani. Huzuiwa na majirani wanaopashana habari mapema na wanaotafuta dawa kwa pamoja.

Hayo si maneno ya kubuni. Historia ya sehemu zetu hizi imetupa ushahidi wa kutosha, wa kushinda na wa kushindwa.

Tuanze na kushinda. Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulifagia ng'ombe wa Afrika ya Mashariki, ukaacha makabila ya wafugaji hayana maziwa, hayana mahari, wala hayana nguvu ya kujitetea. Kwa miaka mingi baadaye sotoka iliendelea kurudi. Ndipo katika taasisi ya utafiti wa mifugo iliyokuwa Muguga, karibu na Nairobi, taasisi iliyokuwa ya nchi za Afrika Mashariki kwa umoja wao, Daktari Walter Plowright na wenzake walipopata, mwanzoni mwa miaka ya 1960, chanjo madhubuti na ya bei nafuu. Chanjo hiyo ikatumika Afrika, kisha Asia. Mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba sotoka imekwisha kabisa juu ya uso wa nchi. Ni ugonjwa wa kwanza wa wanyama kufutwa na binadamu, na ni wa pili kwa jumla baada ya ndui. Ushindi huo ulihitaji watu wengi na nchi nyingi, lakini silaha yake kubwa ilifuliwa hapa kwetu, katika nyumba ya pamoja.

Na Muguga haikuwa peke yake. Vijana wengi wa leo hawajui kwamba wakati ule kazi iligawanywa kama askari wanavyogawana malindo. Utafiti wa kilimo na misitu, pamoja na ule wa mifugo, ulikuwa Muguga. Utafiti wa malale na mbung'o ulikuwa Tororo. Samaki wa maji baridi walichunguzwa Jinja, na wa bahari Unguja. Virusi vilichunguzwa Entebbe. Arusha walishughulika na dawa za wadudu waharibifu. Mtaalamu wa Tororo hakuwa wa Uganda tu, na yule wa Unguja hakuwa wa Unguja tu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilibaki na kipande kilichoangukia ndani ya mpaka wake. Mmoja akabaki na mkuki, mwingine na ngao, na wa tatu na upinde usio na mshale.

Sasa tutazame gharama ya kila mtu kubaki na kipande chake.

Mwaka 1968 wataalamu wa Ethiopia walieleza kwa maandishi ugonjwa wa mnyauko unaoua zao lao la enset, ambalo ni ndugu wa mgomba. Mwaka 1974 ikaelezwa kwamba ugonjwa huo huo umeingia katika migomba ya huko. Maelezo hayo yalikuwapo na yalisomeka. Mwaka 2001 mnyauko huo ulionekana wilayani Mukono, hapa Uganda. Mkulima aliona majani ya mgomba yakilegea na kugeuka manjano, ndizi zikiiva kabla ya wakati, na utomvu wa manjano ukitoka anapokata shina. Baadaye Congo, Rwanda, Tanzania, Kenya na Burundi nazo zikaupata. Yaani tulikuwa na zaidi ya miaka 30 ya kujiandaa. Jirani alikuwa ameshaungua, nasi hatukuwa na njia ya kudumu ya kumwuliza moto wake ulianzaje.

Wataalamu walipokaa pamoja, mbinu zilipatikana, nazo si za gharama kubwa. Kata lile ua dume linaloning'inia mwisho wa mkungu, ulikate kwa kijiti chenye panda na si kwa kisu, kwa maana ndipo wadudu wanapotua na kuuacha ugonjwa. Panga lililokata mgomba mgonjwa lisafishwe kwa moto au kwa dawa ya kuulia vijidudu kabla ya kugusa mgomba mwingine. Mgomba mgonjwa uondolewe upesi. Na machipukizi ya kupanda yasichukuliwe katika shamba lenye ugonjwa. Maarifa haya, yaliyokusanywa na watafiti wa nchi mbalimbali, yamewarudishia wakulima wengi migomba yao.

Habari ya muhogo nayo ni nzito zaidi, kwa sababu ndani yake kulikuwa na vifo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali, iliyokuwa tofauti na ile iliyozoeleka, ilianza kuharibu mashamba ya kaskazini ya Kampala, upande wa Luwero. Mwaka hata mwaka ikasonga mbele. Katika miaka ya 1990 ilifika magharibi ya Kenya na kaskazini-magharibi ya Tanzania. Huko Teso, ambako muhogo ni ngome ya mwisho ya mnyonge wakati wa ukame, watu walikufa kwa njaa mwaka 1993 na 1994. Mwaka 1997 wachunguzi walieleza sababu ya ukali ule: virusi vya aina mbili vilikuwa vimechanganyika na kuzaa kirusi kipya chenye madhara makubwa zaidi.

Je, wokovu ulitoka wapi? Haukutoka katika nchi moja. Wataalamu wa Namulonge, wakiongozwa na Daktari Otim-Nape, walijaribu mbegu zenye ukinzani zilizoletwa kutoka kituo cha kimataifa cha Ibadan, Nigeria, wakachagua zilizofaa, na wakulima wakazipokea kwa jina la Nase. Ikumbukwe kwamba sehemu ya ukinzani ule ilitokana na kazi iliyoanza Amani, Tanganyika, katika miaka ya 1930, pale muhogo ulipochanganywa na jamaa zake wa porini. Kwa hiyo kipande cha muhogo kilichomlisha mtu wa Teso kilitembea kutoka milima ya Usambara mpaka Nigeria, kikarudi Uganda. Kisha Kenya, badala ya kufunga mlango na kungoja, ilikubali kupokea vipando vilivyochaguliwa Uganda, vikaoteshwa kwanza chini ya uangalizi huko Alupe, karibu na Busia, ndipo vikasambazwa. Hapo ndipo tunapoona mpaka ukifanya kazi mbili kwa pamoja: kukagua na kupitisha.

Hata hivyo adui hakulala. Michirizi ya kahawia, ugonjwa unaooza muhogo ukiwa ardhini huku majani juu yakionekana kuwa na afya, ulijulikana Amani tangu miaka ya 1930, nao ulidhaniwa kuwa ni ugonjwa wa pwani tu. Mwaka 2004 ulionekana hapa Uganda, mbali na pwani na juu ya nyanda zetu. Zile mbegu zilizotuokoa na batobato nyingi zilishindwa na michirizi. Safari hii majirani hawakungoja sana. Kenya, Uganda, Tanzania, Malawi na Msumbiji zilikubaliana kila moja itoe mbegu zake bora za muhogo, zisafishwe virusi maabarani, kisha zijaribiwe katika nchi zote tano. Ni jambo kubwa kwa taifa kutoa mbegu yake bora kumpa jirani. Lakini mwenye busara anajua kwamba shamba la jirani likiwa na ugonjwa, ugonjwa huo uko njiani kuja kwake.

Na ngano je? Mwaka 1998, katika kituo cha Kalengyere, kusini-magharibi ya Uganda, kutu ya shina ilionekana juu ya ngano iliyosifiwa duniani kote kwa kutoshikwa na kutu. Sampuli zilipelekwa Afrika Kusini, na huko ikathibitishwa kwamba ni kutu ya aina mpya. Ikapewa jina la Ug99, yaani Uganda na mwaka 1999. Ikafika Kenya, ikafika Ethiopia, ikavuka bahari hadi Yemen na Iran. Mwaka 2005 Profesa Norman Borlaug, yule aliyepata Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya ngano, alipiga mbiu ya hatari. Vituo vya Njoro, Kenya, na vya Ethiopia vikawa uwanja wa majaribio ambako ngano kutoka nchi nyingi za dunia hupandwa makusudi mbele ya ugonjwa, ili ionekane ipi itasimama na ipi itaanguka. Fikirini, ndugu wasikilizaji: jicho la mtafiti mmoja wa Kalengyere liliitahadharisha dunia nzima. Lau angenyamaza kwa kuogopa kuitia nchi yake aibu, hasara ingekuwa kubwa kupita kiasi.

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni ya wakulima wa vijijini. Basi na watazame Kansanga, katika barabara itokayo Kabalagala kwenda Ggaba. Wakazi wa Kansanga wengi wao hawana shamba. Wako wanafunzi, wako wachuuzi, wako waendesha bodaboda, na bila shaka wako pia askari waliopanga chumba na jamaa zao. Jioni mmoja hununua matoke, mwingine muhogo wa kukaanga, na kijana mwenye haraka hununua chapati iliyoviringwa na mayai, ile inayoitwa rolex. Vyakula hivi vitatu ni migomba, muhogo na ngano, yaani mazao yale yale matatu tuliyoyataja. Mnyauko ukishika mashamba ya magharibi, bei hupanda Kansanga. Kutu ikishika ngano ya nchi za mbali, chapati hupungua ukubwa Kansanga, kwa maana sehemu kubwa ya ngano tunayokula hutoka nje. Na mshahara wa askari haupandi kwa sababu bei ya matoke imepanda. Basi asiyekuwa na jembe ndiye anayepaswa kuuthamini utafiti zaidi, kwani hana ghala la kukimbilia.

Mataifa yetu hayakukaa bure. Mwaka 1992 Uganda iliunda shirika lake la taifa la utafiti wa kilimo, NARO. Mwaka 1994 nchi 10, toka Sudan na Eritrea mpaka Madagaska, ziliunda umoja wa kuimarisha utafiti wa kilimo, ASARECA, wenye makao yake Entebbe. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 mgawanyo wa kazi ulirudi kwa sura mpya: Ethiopia ikachukua ngano, Kenya maziwa, Tanzania mpunga, na Uganda muhogo, kila moja iwe kituo cha ubora kwa faida ya wenzake. Mpango huo ulikuwa na hekima ile ile ya zamani. Si lazima kila nchi maskini ijenge kila maabara. Yafaa kila moja ijenge moja iliyo bora, na milango ya zote iwe wazi.

Lakini hapana budi tuseme kweli. Mpango ule ulitegemea mkopo wa Benki ya Dunia, nao ulikwisha katikati ya miaka ya 2010. Umoja wa Entebbe nao ulipita katika kipindi kigumu fedha za wafadhili zilipopungua. Ulinzi unaotegemea risasi za kuazima hauwezi kuitwa ulinzi. Mwaka 2003, huko Maputo, viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 10 ya bajeti zao kwa kilimo. Mwaka 2006, huko Khartoum, ilikubaliwa kwamba asilimia 1 ya pato la taifa itumike katika utafiti na maendeleo ya sayansi. Mwaka 2014, huko Malabo, ahadi ya kilimo ikarudiwa. Januari 2025 viongozi walikutana Munyonyo, mwendo mfupi tu kutoka Kansanga, wakapitisha Azimio la Kampala la kukuza mazao na chakula cha Afrika kwa asilimia 45 ifikapo mwaka 2035. Nchi nyingi hazijatimiza hata ahadi ya Maputo. Azimio lina thamani pale tu linapoonekana katika mshahara wa mtafiti, katika umeme wa maabara, na katika gari la kumfikisha shambani.

Liko na jambo la pili linaloharibu ushirikiano, nalo ni hofu. Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye zuio liliondolewa na masharti yakawekwa. Kula sumukuvu ni hatari, na serikali yoyote ina wajibu wa kuwalinda watu wake. Lakini ghafula kama ile humfundisha jirani somo baya: kwamba anayesema kweli juu ya ugonjwa au sumu iliyo katika mazao yake ataadhibiwa sokoni. Dawa yake ni maabara zinazopima kwa kipimo kimoja na kuaminiana matokeo yake, ili mzigo uliopimwa upande mmoja usisimamishwe upande wa pili. Atakayetangaza ugonjwa mapema ahesabiwe kuwa mlinzi mwema, kama anavyohesabiwa askari wa lindo apigaye kelele ya kwanza usiku.

Je, ninyi maafisa na askari mna sehemu gani katika haya? Mnayo, tena kubwa.

Kwanza, ninyi ndio watu wanaosafiri zaidi katika nchi. Leo askari yuko Arua, kesho Kabale, na baadhi yenu mmetumika ng'ambo ya mipaka. Anapopewa likizo hupenda kuchukua kitu kizuri alichokiona ugenini, pingili ya muhogo au chipukizi la mgomba, akapande kwao. Nia ni njema, lakini ndivyo ugonjwa unavyopata usafiri. Mwenye kutaka mbegu na aitafute kwa maafisa wa kilimo au katika vituo vya NARO, si ukingoni mwa barabara.

Pili, mkaguzi wa mimea aliyeko mpakani mara nyingi ni mtu mmoja mwenye kalamu. Bila ya askari wa kusimama ubavuni mwake, dereva mwenye haraka hatamsikiliza. Mumsaidie kwa heshima, wala msikubali chochote cha kufumbisha macho. Lori moja la vipando vyenye ugonjwa laweza kudhuru wilaya nzima kwa miaka.

Tatu, kuanzia miaka ya 2013 na 2014 wanajeshi wengi walipewa kazi ya kugawa mbegu na miche kwa wananchi katika mpango wa Operation Wealth Creation. Kazi ile ilitufundisha jambo moja: mche uliofika baada ya mvua kukatika hufa, hata ukipelekwa kwa gari la jeshi. Amri yaweza kuharakisha safari, bali haiwezi kuharakisha msimu. Kwa hiyo mwenye gari na mwenye maarifa ni lazima wapange pamoja kabla ya kuondoka.

Nne, kambi nyingi zina mashamba. Shamba la kambi na liwe mfano kwa vijiji vilivyo jirani: panga lisafishwe, ua dume likatwe, mmea mgonjwa uondolewe, na habari ya dalili ngeni ipelekwe upesi kwa afisa wa kilimo. Ripoti ya mmea uliougua ni ripoti ya usalama.

Ndugu wasikilizaji, wahenga walinena kwamba umoja ni nguvu na utengano ni udhaifu. Methali hiyo tumeizoea mpaka tunaitamka bila ya kuisikia. Lakini Muguga iliithibitisha kwa sotoka, Mukono ikaithibitisha kwa upande wake mchungu, na Teso iliilipia kwa roho za watu. Mipaka yetu tuliichorewa na wengine, nasi tumeapa kuilinda. Na tuilinde kwa namna inayomzuia mhalifu na kumpitisha mtaalamu mwenye mbegu safi. Hapo ndipo askari, mtafiti na mkulima watakapokuwa katika safu moja.